Filamu za Wojciech Has kwenye diski: kilichookolewa na kilichoachwa nje

Kwa miaka mingi, mtazamaji wa nje ya Poland aliyesema ameiona Rękopis znaleziony w Saragossie (yaani "Hati Iliyopatikana Saragossa") ya mwongozaji wa Poland Wojciech Has alikuwa ameona mabaki yake tu. Has aliikamilisha mwaka 1965 ikiwa na urefu wa dakika 182, lakini nakala iliyosambazwa Marekani ilipunguzwa ikabaki dakika 147, na ile ya Uingereza ikashuka hadi 125. Karibu saa nzima ilitupwa, tena katika filamu ambayo hadithi huzaa hadithi na msimulizi mmoja humpisha mwingine, kwa mtindo ambao msomaji wa Alfu Lela Ulela anaufahamu vizuri. Ukiondoa tabaka moja la katikati, mhusika anayekuja baadaye kulifumbua fumbo hujibu swali ambalo hakuna aliyelisikia likiulizwa.

Kwa sababu hiyo, wanaoyatetea matoleo ya nyumbani ya sinema hizi za ndoto wana hoja nzito. Juhudi za kuirudisha nakala kamili zilianza miaka ya 1990 kwa msaada wa mwanamuziki Jerry Garcia, aliyefariki mwaka 1995 kabla hazijafika mwisho, na zikaendelezwa na waongozaji wa Marekani Martin Scorsese na Francis Ford Coppola. DVD ikafuata, kisha Blu-ray, na kampuni ya Mr Bongo ya Uingereza ikawa miongoni mwa walioitoa. Mtazamaji hakupata dakika zilizopotea peke yake. Alipata pia uwezo wa kurudi nyuma. Kuna usiku ambapo sauti inasikika dirishani, na anayeisikia anaamini kwamba rafiki yake aliyekufa anamletea habari za huko aliko, lakini katika simulizi la mtu mwingine sauti hiyohiyo inapata maelezo ya kawaida kabisa, hata ya kuchekesha. Ukumbini, wengi huupita uhusiano huo bila kuuona. Mwenye diski huirudia sura hiyo akagundua jinsi Has alivyoipanga kwa hesabu kali.

Wapo wanaopinga, na hawapingi kwa kuabudu ukale tu. Wanasema filamu iliyopigwa kwa fremu pana inahitaji skrini kubwa ya ukumbini, giza na mtazamaji asiye na kitufe cha kusimamisha picha. Kwa filamu hii ya kwanza hoja yao naiona dhaifu, kwani inachezea akili kuliko inavyolevya, na akili haidhuriki kwa kupumzika. Lakini wakiigeukia filamu nyingine ya Has, Sanatorium pod Klepsydrą ya mwaka 1973, nakubaliana nao zaidi. Humo Józef anasafiri kwa treni iliyochakaa, yenye abiria waliolala kama maiti na kondakta kipofu, kwenda kumtazama baba yake katika hospitali ambako muda umerudishwa nyuma ili mzee asiwe amekufa bado. Kamera inapita kutoka chumba kimoja hadi kingine, kutoka utando wa buibui hadi theluji, bila kumpa mtazamaji nafasi ya kuuliza amefikaje hapo. Ukisimamisha ili ukachemshe chai, umeuvunja mtiririko ambao ndio hasa maudhui ya filamu.

Suala la rangi linaongeza ugumu. Vumbi, kutu na kijani cha ukungu ndivyo vinavyobeba hisia za kazi hiyo, na fundi anayeisafisha kwa kompyuta hulazimika kuamua doa lipi ni la uzee wa filamu na lipi liliwekwa makusudi. Akizidisha usafi, anaweza kufuta chembechembe za picha pamoja na uchakavu ambao Has aliujenga kwa mikono ya wapambaji wake.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi naiona katika namna filamu hizi zinavyonadiwa. Hadithi ya Garcia ni tamu kwa muuzaji, na neno "usurealisti", yaani sanaa ya mambo ya ndotoni, linauza bila kudai maelezo. Lakini Sanatorium imetokana na maandishi ya Bruno Schulz, mwandishi Myahudi wa Drohobycz, mji ambao leo uko Ukraine, aliyepigwa risasi barabarani na afisa wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mwaka 1942. Has aliwajaza Wayahudi wa Galicia, eneo ulimo mji huo, katika viwanja na vyumba vya filamu yake miaka mitano tu baada ya kampeni ya serikali ya mwaka 1968 iliyowafukuza maelfu ya Wayahudi kutoka Poland. Wakuu wa serikali ya Poland hawakutaka ipelekwe kwenye tamasha la filamu la Cannes; ilifika, ikapata Tuzo ya Jopo la Majaji, na Has hakutoa filamu nyingine hadi miaka ya 1980. Asiyeelezwa hayo ataona mapambo ya ajabuajabu mahali ambapo Has alikuwa akiuomboleza ulimwengu uliochinjwa.

Mtetezi wa diski atajibu kwamba diski ndiyo yenye nafasi ya kijitabu, mahojiano na insha, na hapo ana haki kabisa. Jukwaa la mtandaoni mara nyingi hutoa mistari miwili ya utangulizi na kuiondoa filamu haki za kuionyesha zinapokwisha. Ila matoleo ya aina hii huchapwa kwa idadi ndogo, Blu-ray nyingi hufungwa kwa kanda za kijiografia, yaani hazichezi kwenye mashine za maeneo mengine, na zikiisha madukani bei za mitumba hupaa. Kwangu mimi, kipimo cha toleo jipya la Has ni kijitabu chake kabla ya wingi wa pikseli: likitoka na picha safi lakini bila Schulz na bila mwaka 1968, ningemshauri mnunuzi atafute toleo la zamani lenye insha nzuri, hata kama picha yake ina mikwaruzo.