Kinda yupi apewe jezi ya Walima Zabibu?

Dirisha la usajili likikaribia, vijiwe vya Dodoma hugawanyika. Kijiweni kwetu Majengo, wa upande mmoja wanataka Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, iache kuhangaika na wakongwe kutoka mikoa mingine, iwape jezi vijana wa Chang'ombe, Kizota na Nkuhungu. Timu ni ya Halmashauri ya Jiji, wanasema, kwa hiyo ni yetu. Basi na wachezaji wawe wetu. Wa upande wa pili hawana maneno mengi. Wanauliza tu: tukishuka daraja, hao vijana wenu watachezea wapi?

Mimi nimeshakaa pande zote mbili, tena kwa makelele. Siku hizi naona tunabishana juu ya hatua ya pili kabla hatujamaliza ya kwanza. Tunagombana kuhusu nafasi ya kijana, na hatujakubaliana tunamtambuaje anayeistahili.

Kilichonifikisha hapo ni mchezo ambao Dodoma hauchezeki hata kwa miujiza: hoki ya barafuni. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kwenye jokofu la muuza soda. Lakini shemeji yangu anaishi Kanada, na kila mwaka hunitumia mjadala wa makinda wa timu anayoshabikia: nani wa kwanza, nani kashuka, nani wa kuuzwa. Kwenye ligi yao kubwa, NHL, timu 32 huchagua vijana kwa zamu kuanzia umri wa miaka 18, raundi saba. Kijana akishachaguliwa, kila anachofanya kinaandikwa: dakika alizocheza, alicheza dhidi ya nani, kasi yake, hata anavyojipanga asipokuwa na kile kisahani wanachokipiga badala ya mpira.

Na pamoja na daftari lote hilo, bado wanakosea vibaya. Mwaka 1993 Ottawa Senators walikuwa na chaguo la kwanza kabisa, wakamchukua Alexandre Daigle na kumpa mkataba wa mamilioni ya dola kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi. Hakufikia hata nusu ya alivyotarajiwa. Aliyefuata kwenye orodha, Chris Pronger, akawa mmoja wa mabeki wakubwa wa zama zake. Upande mwingine wako Detroit Red Wings. Mwaka 1998 walimchukua Mrusi mdogo wa umbo, Pavel Datsyuk, akiwa chaguo la 171. Mwaka uliofuata wakamchukua Msweden Henrik Zetterberg, chaguo la 210, wakati huo wengi ukumbini wameshaanza kufunga mabegi. Mwaka 2008 wawili hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu iliyotwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL.

Wa upande wa vijana kijiweni wakisikia kisa hiki hupiga meza: si umeona! Ngojeni kwanza. Detroit hawakuwavalisha vijana hao jezi mwaka ule ule. Waliwaacha kwao Urusi na Uswidi, wacheze na watu wazima, takriban miaka mitatu kila mmoja. Na Detroit ya wakati huo ilikuwa bingwa, haikuwa na haraka na mtu.

Kuna tofauti kubwa zaidi, na hiyo ndiyo inayomwokoa kocha wetu asionekane mwoga. NHL haina kushuka daraja. Timu ikiboronga msimu, hupewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua mapema, yaani kufungwa kuna faida yake. Ligi Kuu Bara ina timu 16 na mechi 30. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia kwenye mtoano. Beki wa miaka 18 akifanya makosa mawili ya kitoto, moja nyumbani uwanja wa Jamhuri na jingine ugenini, zimekwenda pointi nne au tano. Msimu wa katikati ya jedwali unageuka msimu wa kuhesabu vidole. Na kocha hatangoji Mei kujua hatima yake, atafunga virago Januari. Anayemwambia mtu huyo "amini vijana" inabidi kwanza aeleze nani atamlipia gharama ya imani hiyo.

Hapo nawapa haki wa upande wa pili, tena haki kubwa. Ila wanaposema vijana hawako tayari, huwa nauliza: mmejuaje? Jibu ni lile lile, tuliwaona. Wapi? Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwenye ndondo za mtaani, kwenye bonanza la Jumapili. Upande wa vijana nao ushahidi wao ni huo huo. Mtoto alipiga chenga watu watano pale mchangani, kiwanja kizima kikasimama.

Sioni kipimo kibovu kuliko hicho, na sababu ya kwanza ni umri. Tunajua wote tofauti ya umri wa kweli na umri wa mpira, huwa tunaitania tu. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikwenda fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gabon baada ya Kongo Brazzaville, waliokuwa wametutoa uwanjani, kuondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji wao. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kila mtu aliyewahi kusimamia timu ya mtaa anajua kwamba tatizo hilo halikuishia ng'ambo ya Mto Kongo. Kijana wa miaka 20 akiwapita wa miaka 16 kama amesimamishiwa vijiti, hujaona kipaji. Umeona miaka minne.

Hata vyeti vyote vikiwa sahihi, bado kuna mtego. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, aligundua kwamba kwenye ligi za vijana za hoki waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi kupita kiasi, na wa Oktoba hadi Desemba ni wachache mno. Hakukuwa na uchawi. Makundi ya umri yalihesabiwa kuanzia Januari mosi, kwa hiyo mtoto wa Januari alishindana na wa Desemba akiwa amemzidi karibu mwaka mzima. Ana kifua na ana mbio, basi anachaguliwa, anapewa mwalimu bora na mechi nyingi zaidi, na mwisho anakuwa bora kweli. Sisi mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992. Sijui nimewahi kupita viwanja vingapi vya shule nikamtazama mtoto wa Desemba na kusema "huyu bado mdogo".

Tukumbuke pia 2019. Fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilichezwa hapa nyumbani, Dar es Salaam. Tulifungwa na Nigeria 5-4, tukafungwa na Uganda 3-0, tukafungwa na Angola 4-2. Mabao 12 kwa mechi tatu. Aliyepima kizazi kile kwa wiki ile angekifuta chote. Lakini humo humo alikuwamo Kelvin John, ambaye baadaye alikwenda Genk, Ubelgiji. Timu inaweza kuwa mbovu na mchezaji akawa mzuri, au timu ikabeba kombe kwa vijana ambao baada ya miaka miwili hakuna anayewakumbuka.

Basi tupime nini? Mimi ningeanza na kitu kisichopendeza machoni: dakika dhidi ya watu wazima. Dakika 900 za Ligi ya Championship, ile iliyo chini ya Ligi Kuu, kwenye kiwanja kigumu, mbele ya beki mwenye watoto watatu anayetafuta ada, zinanieleza zaidi kuliko mabao 20 ya ligi ya vijana. Safari ya Samatta yenyewe inasema hivyo. African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe ya DR Congo mwaka 2011, na huko alikaa hadi Januari 2016 ndipo akaenda Genk, akiwa na miaka 23 na taji la klabu bingwa Afrika la 2015 mkononi. Hakurushwa kutoka mchangani hadi Ulaya kwa video ya simu.

Cha pili ni mambo anayofanya asipokuwa na mpira. Hapa wapenzi wa soka la Dodoma tuna dhambi ya pamoja. Winga akipoteza mpira akasimama kushika kiuno, tunamlaumu aliyempa pasi mbaya. Kocha hana anasa hiyo, kwa sababu winga anayeshika kiuno ndiye anayemwachia beki wake wa pembeni watu wawili. Na kuna jambo la tatu ambalo halionekani kwa mechi moja wala tano: kijana aliyesahihishwa Agosti, je, kosa lile lile analo Desemba? Hilo linamhitaji mtu mmoja, kalamu na daftari, kila wiki. Halihitaji bajeti ya Detroit.

Tukiwa na daftari hilo, ubishi wa kijiweni unabadilika sura. Makinda kumi wa kusifiwa wanabaki pengine watatu. Mmoja anafaa kukaa na kikosi cha kwanza na kuingia dakika 20 za mwisho timu ikiongoza. Wawili wanatolewa kwa mkopo Championship msimu mzima, si miezi minne. Na mkopo uwe na sharti la kucheza. Nimeona vijana wakikopeshwa kwenda kukaa benchi la mbali badala ya benchi la nyumbani. Faida pekee wanayorudi nayo ni kuijua stendi ya basi ya mkoa mwingine.

Wataniambia: ukimtoa kwa mkopo, ukangoja miaka mitatu, wakala anamchukua bure na klabu inabaki na picha. Hoja hiyo ni nzito, na imeziumiza klabu nyingi. Dawa yake iko kwenye makaratasi. FIFA ina utaratibu wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kijana aliyesajiliwa kwako misimu minne, kuanzia wa miaka 16 hadi wa 19, anakuletea asilimia 2. Akiuzwa siku moja kwa euro milioni 1, hizo ni euro 20,000, hata kama alishaondoka kwako zamani. Lakini zinalipwa kwa aliyemsajili. Wengi wetu tunalea kwa mdomo, kisha tunalalamika kwa mdomo.

Kuna mfano wa karibu zaidi ambao vijiwe vyetu vya wanaume huupita haraka. Mwaka 2023 mashindano ya Afrika ya soka la shule yalifanyika Durban, na kombe la wasichana likaja Tanzania, limechukuliwa na Fountain Gate ya hapa hapa Dodoma. Wasichana wale walikuwa shuleni, wanakula pamoja, wanafundishwa kila siku, na mwalimu anajua nani alikuwa wapi mwaka uliopita. Siwezi kusema kila mmoja wao atafika mbali, na yaliyompata Daigle yananizuia. Ninachosema ni kwamba pale kuna mtu ambaye ukimuuliza habari za mchezaji wake ana la kukujibu zaidi ya "nilimwona".

Kwa hiyo msimu ujao kijiweni, nimeshawaambia, sitaki kusikia jina la kinda bila mambo matatu: amezaliwa lini kweli, amecheza dakika ngapi na watu wazima, na kosa lake kubwa ni lipi. Jumapili iliyopita mzee mmoja, mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, alitaja jina la winga anayempenda. Nikamuuliza hayo matatu. Alijua la tatu tu, na alilieleza kwa dakika kumi.