Katrina: raia walinyang'anywa bunduki, walinzi wa matajiri wakaachiwa zao

Serikali ikichukua bunduki za raia wakati wa janga kuna wanaosema safi kabisa na kuna wanaosema huo udikteta, mi nikiangalia mji wa New Orleans, Marekani, 2005 naona wote wana pointi, ila hazilingani uzito.

Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti, kingo za maji zikabomoka, karibu asilimia 80 ya mji ikafurika, simu hazishiki, umeme hamna, hata baadhi ya polisi wenyewe waliingia mitini. Mapema Septemba mkuu wa polisi Eddie Compass akatangaza silaha ni za vyombo vya usalama tu, askari wakaanza kupita majumbani kukusanya, hata kwa watu waliokaa zao ndani na bunduki wanazimiliki kihalali.

Polisi nao tusiwadharau, giza totoro, uvumi wa risasi kila kona, hujui aliyeshika bunduki kibarazani ni mwenye nyumba au mporaji. Na sio kila mwenye nyumba alikuwa malaika. Kule Algiers Point, mtaa wa mji huohuo, kuna wazungu walijipanga na bunduki eti wanalinda mtaa, watu weusi wakapigwa risasi, mmoja wa hao jamaa alikuja kukiri kosa mahakamani 2018.

Lakini sasa, walinzi binafsi waliokodiwa na makampuni na matajiri waliachiwa silaha zao. Kama shida ni bunduki nyingi mtaani, hizo zao zilikuwa za maji? Na ni polisi haohao ambao tarehe 4 Septemba, daraja la Danziger, waliua raia wawili wasio na silaha. Yaani kunilinda huwezi, halafu nikukabidhi bunduki, tena bila risiti!

Chama cha wenye bunduki, NRA, na wenzao wakaenda mahakamani, mwezi huohuo jaji akazuia zoezi. Mji ukadai hauna bunduki za watu, ikafika 2006 ndo wakakubali wanazo, zaidi ya 1,000, na mwenye mali adai kwa ushahidi wakati makaratasi yake yalienda na maji.

Oktoba 2006 ikaja sheria ya Marekani nzima kupiga marufuku kunyang'anya hivyo, ila waokoaji wanaweza kukwambia usalimishe silaha kabla hujapanda chombo chao, safari ikiisha unarudishiwa. Hiyo naielewa, boti imejaa watu wenye njaa na hofu, bastola ya nini humo.