Dar na Kampala: Shukrani Tumezizoea, Hesabu Bado

Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa ametimiza hata mwezi mmoja Ikulu alipotua Entebbe, 11 Aprili 2021, katika safari yake ya kwanza nje ya nchi akiwa rais. Siku hiyo ilisainiwa mikataba ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Tarehe hiyohiyo mwaka 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala, Idi Amin akatimka. Entebbe yenyewe ilikuwa imeshaanguka siku nne kabla.

Tangu hapo ziara zimefuatana. Novemba 2021 Yoweri Museveni alikuja Tanzania, akafika hadi Chato kufungua shule iliyopewa jina lake. Mei 2022 Samia akarudi Uganda, safari hii kwa ziara ya kitaifa ya siku mbili. Ajenda hazipishani sana: bomba, umeme, barabara, ushuru, sukari. Vita ya Kagera ikitajwa, inatajwa kwa shukrani. Uganda inaishukuru Tanzania kwa kuikomboa, Mwalimu Nyerere anasifiwa, makofi yanapigwa, watu wanarudi kwenye bomba.

Wako wanaosema hivyo ndivyo inavyotakiwa, na hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni kwamba Amin na Uganda si kitu kimoja. Oktoba 1978 majeshi yake yalipovuka mpaka na kuingia Kagera, na Novemba mosi akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera ni lake, Waganda wenyewe walikuwa wameshakaa chini yake karibu miaka minane, na maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kuuawa. Nyerere aliposema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, aliyekuwa anapigwa ni mtu mmoja na utawala wake. Kwa mantiki hiyo hakuna ugomvi wa watu na watu wa kusuluhisha. Mhaya wa Missenyi na Mganda wa Kyotera walikuwa wanaoleana kabla ya mpaka kuchorwa, na wanaoleana mpaka leo.

Hoja ya pili ni ya kazi. Waliopo madarakani Kampala ni watu wa vita ileile. Museveni alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kikundi chake cha FRONASA kilipigana pamoja na Watanzania. Ukianza kufukua nani alifanya nini mwaka 1979, unamchafua mkombozi na unampa la kusema yule anayemtetea Amin. Tena fukuafukua huzaa madai ya fidia, na madai ya fidia yanaweza kukwamisha mambo yanayompa mtu wa mpakani riziki. Pale Mutukula, Novemba 2017, Magufuli na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Dereva wa lori la mahindi husimama mara moja, upande anaoingilia, maofisa wa nchi zote mbili wakamalizana naye humo humo. Kwa dereva huyo, saa alizookoa zina faida kubwa kuliko hotuba yoyote ya kumbukumbu.

Nilikuwa naikubali hoja hii yote. Kilichonitoa humo ni Masaka.

Masaka ni mji wa kwanza mkubwa ukitoka Mutukula kuelekea Kampala. Wanajeshi wa Tanzania waliuteka 24 Februari 1979. Walikuwa wametoka kupita Kagera, wakaona walichoacha askari wa Amin: nyumba zilizochomwa, ng'ombe walioswagwa, kiwanda cha sukari kilichoporwa, maiti za wanavijiji. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni raia 1,500 waliouawa. Walipofika Masaka, majengo yalilipuliwa kwa baruti, na sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi. Hiyo haikuwa shabaha ya vita, ilikuwa kisasi. Nyerere alishtuka, akaagiza raia na mali zao zisiguswe tena. Agizo lile ni sifa kwake, na ningependa litajwe mara nyingi zaidi. Lakini huwezi kulitaja bila kueleza kwa nini lilihitajika, ndiyo maana halitajwi.

Sasa sikiliza lugha. Watanzania walioingia Uganda waliitwa "bakombozi", neno letu likavishwa kiambishi cha Kiganda. Makombora yao ya kurushwa mfululizo Waganda waliyaita "saba saba", na mtu mzima wa Masaka ukimtajia saba saba hatafikiria maonyesho ya biashara ya Julai. Kisha kuna "panda gari". Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Milton Obote, hayo ndiyo maneno yaliyotumika askari walipozoa watu mitaani Kampala na kuwapakia kwenye malori. Wengine hawakurudi. Tuliopo huku tunashangaa kwa nini Mganda anakionea Kiswahili mashaka, tunamcheka kwamba anajidai na Kiingereza chake. Kwake Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliomfuata wakaendelea kuamrisha kwa lugha hiyohiyo. Julai 2022, wiki chache baada ya ziara ya Samia, baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tulishangilia. Mwalimu atakayesimama darasani Luwero, eneo lililoumizwa na vita vya msituni vya miaka ile ya 1980, anayo kazi ambayo azimio la mawaziri halikumfanyia.

Upande wa pili wa mto kuna madai pia. Tanzania ililipia vita ile kwa mfuko wake. Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na waliokuwepo watakuambia miezi hiyo haikuisha. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia, Julai 1979, badala ya pole alikuta lawama: Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimshutumu kwa kuingia nchi ya mwenzake na kuiangusha serikali. Kisheria walikuwa na hoja, maana katiba ya umoja ule ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Lakini umoja uleule ulishindwa kumkemea Amin alipotwaa ardhi ya wenzake. Mzee wa Kyaka, mkoani Kagera, ambako kanisa lililobomolewa kwa mizinga limeachwa na kuta zake zilizotoboka, ana haki ya kuuliza sheria hiyo ilikuwa wapi Oktoba.

Kwa hiyo kuna miji miwili inayosubiri, Kyaka na Masaka, na shukrani inayotolewa kila ziara haifiki hata mmoja. Shukrani ni maneno ya serikali kwa serikali. Inamgeuza mtu wa Kagera kuwa sehemu ya ushindi, wakati yeye alikuwa mhanga kabla ya kuwa mshindi, na inamwambia mtu wa Masaka kwamba kifusi kile kilikuwa ukombozi. Kwa jinsi hii, kushukuru nako ni namna ya kunyamaza.

Je, kuongea kutaharibu biashara? Tuna mfano wa jirani kabisa. Congo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa uvamizi wa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2005 mahakama iliikuta Uganda na hatia, na Februari 2022 ikaitaka ilipe dola milioni 325. Uganda ilinung'unika, lakini Septemba mwaka huohuo ilitoa awamu ya kwanza ya dola milioni 65. Wakati yote hayo yanaendelea, majeshi ya nchi hizo mbili yalikuwa msituni pamoja, kwenye operesheni ya Shujaa iliyoanza Novemba 2021 dhidi ya waasi wa ADF. Sisemi Congo na Uganda ni mfano wa ujirani mwema, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba kesi ile, iliyokuwa nzito kuliko neno lolote ambalo rais wa Tanzania angelisema Masaka, haikuwazuia kushirikiana walipoona wanahitajiana.

Na bomba lenyewe haliturahisishii kusahau. Lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Likitoka Hoima linashuka hadi Kyotera, linavuka mpaka na kuingia Missenyi, kisha linapita Kagera likielekea pwani. Yaani ni ushoroba uleule wa vita. Familia zilizoambiwa ziache mashamba yapishe bomba, zikalalamika kwamba fidia imechelewa miaka, baadhi yake ni za watu waliokimbia ardhi hiyohiyo mwaka 1978. Afisa anayekwenda kuwapimia eneo akidhani anaanza ukurasa mpya atashangazwa na hasira atakayoikuta.

Urafiki wa ikulu mbili pia haumlindi kila raia. Mei 2025 mwanaharakati wa Uganda aliyekuwa Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu alikutwa ameachwa Mutukula baada ya siku kadhaa kizuizini. Wazee wa pale wameshaona mengi yakipitishwa kwenye mpaka ule.

Ninachopendekeza ni kidogo, na nakiri kinaweza kuharibika mikononi mwa maofisa itifaki. Ziara ijayo ya kitaifa, iwe ya nani kwenda kwa nani, isiende kwa ndege peke yake. Marais wapite barabarani. Rais wa Uganda asimame Kyaka, kwenye kuta za kanisa, aseme pole kwa niaba ya nchi ambayo jeshi lake lilifanya vile, hata kama wakati ule yeye alikuwa adui wa jeshi hilo. Rais wa Tanzania asimame Masaka, aseme kwamba Mwalimu mwenyewe alishtushwa na kilichotokea pale. Asiandike hundi, wala asikane ushindi. Chakula cha mchana kinaweza kuwa Mutukula, kwenye jengo lile la pamoja. Kutoka Kyaka hadi Masaka ni safari ya asubuhi moja, hata kwa msafara wenye ving'ora.