Jalada limechorwa na nani?

Mhariri anayeagiza jalada kwa akili mnemba, ilhali wachoraji wamejaa hapa hapa Kampala, anawavunjia heshima wasomaji wake. Juzi nimeliona moja kwenye meza ya muuza magazeti, habari yenyewe ni ya usafiri wa jijini. Teksi iliyochorwa, yaani basi dogo la abiria, haina ule mkanda wa miraba ya buluu ubavuni, na dereva amekaa kushoto, utadhani tuko Kigali. Mchoraji anayegombania kiti pale kituo cha teksi cha Old Taxi Park kila jioni hawezi kukosea hayo.

Huu ni mji ulioanzisha jarida la fasihi la Transition mwaka 1961. Makerere imefundisha sanaa tangu miaka ya 1930. Tumefikaje hapa?

Mchora katuni mzuri huanza kazi kabla hajashika kalamu: anaona. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni wa gazeti la The Observer la hapa Uganda na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwaalika Waganda waweke mtandaoni picha za mashimo ya barabara zao, akayaita maonyesho. Picha zikamiminika. Haikuchukua muda Rais Museveni akaagiza Kampala ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Kero ilikuwa ya miaka mingi, kila mtu akiilalamikia kivyake. Ilihitaji jicho la mtu aliyezoea kuigeuza kero kuwa picha.

Na kazi hii ina hatari zake. Mwaka 2009 polisi waliwahoji wanahabari wa jarida la The Independent kwa sababu ya katuni iliyomgusa Rais na Tume ya Uchaguzi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi, lakini woga haufutwi na hukumu.

Wachoraji ninaowafahamu hulipwa kwa kila mchoro, tena kwa kusumbuana. Katuni angalau ina sahihi pembeni. Jalada, ambalo ndilo linalomfanya mpita njia atoe hela mfukoni, mara nyingi halina jina la mtu, na hili linaniumiza kweli. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inampa msanii haki ya kutambulishwa kuwa mwenye kazi.

Wahariri wangu, ukurasa wa ndani mnaandika jina la mhariri mkuu, la meneja wa matangazo, hata la kiwanda cha uchapaji. Ongezeni mstari mmoja, “Jalada limechorwa na”, kisha jina lake. Na mlipeni kabla toleo halijafika mitaani.