Kalamu ya matumizi ashike nani: mtayarishaji au mhasibu?

Kampuni ya burudani ya Mbeya yenye ukumbi Mwanjelwa, bendi inayozunguka Makambako na Tunduma, na matamasha katika viwanja vya Sokoine au Samora, hufika mahali mwenye mali hawezi tena kuamua kila kitu mwenyewe. Ndipo mvutano unapoanza: kauli ya mwisho juu ya fedha apewe anayetengeneza burudani, au anayetunza hesabu?

Disney, kampuni kubwa ya filamu na burudani ya Marekani, imepita njia zote mbili. Bob Iger alishika uongozi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akainunua Pixar, studio ya filamu za katuni, kwa hisa za dola bilioni 7.4 hivi. Pixar ilibaki na jina lake na ofisi zake Emeryville, California, na viongozi wake, Ed Catmull na John Lasseter, wakakabidhiwa pia studio ya katuni ya Disney yenyewe. Mrithi wa Iger, Bob Chapek, aligeuza mambo Oktoba 2020: usambazaji na hesabu ya mapato vikahamia idara moja, studio zikabaki kutengeneza tu.

Chapek alikuwa na sababu. Korona ilikuwa imefunga majumba ya sinema, na filamu za studio zote zilitakiwa kulisha huduma moja ya kutazama filamu mtandaoni, Disney+. Lazima awepo mtu wa kutazama kapu zima. Lakini aliyetengeneza filamu akabaki na lawama bila kauli juu ya mapato yake, na Iger aliporudi Novemba 2022 aliuvunja mpango huo mara moja. Hata hivyo, hasara ya karibu dola bilioni 1.5 ya robo ya Julai hadi Septemba 2022 katika huduma za mtandaoni haiwezi kubebeshwa Chapek peke yake. Disney+ ilizinduliwa Novemba 2019 kwa dola 6.99 kwa mwezi, Iger akiwa bado kitini.

Turudi Mbeya. Tuseme tamasha linategemea watu 1,500 kwa kiingilio cha shilingi 10,000: milioni 15. Mtayarishaji amempenda msanii wa milioni 8. Jukwaa na muziki milioni 4, dizeli 600,000, vibali na ulinzi milioni 1.2, matangazo milioni 1.5. Jumla milioni 15.3. Uwanja umejaa, na bado mmepata hasara! Wakija 1,000, pengo ni milioni 5.3. Hapa mhasibu anayesema hapana anaokoa kampuni.

Mpe sasa mhasibu kalamu yote, tamasha liwe Machi. Atakata paa la jukwaa na jenereta la akiba, kwa kuwa kwenye karatasi havileti mteja hata mmoja. Mvua ya Mbeya ikishuka saa mbili usiku, fundi sauti anafunika mashine ya kuchanganya sauti kwa turubai na kuzima umeme kabla haujamuua mtu. Watu wanataka hela zao mlangoni. Na spika zilizokodiwa Dar, zilizopanda mlima Kitonga juu ya Fuso, zikilowa mtazilipa.

Kwa maoni yetu mtayarishaji ndiye apewe kalamu, ila ndani ya kikomo kilichoandikwa kabla msanii hajapigiwa simu. Msanii asizidi theluthi ya mapato ya uwanja uliojaa nusu tu. Kwa mfano wetu, milioni 2.5. Asilimia 10 ya bajeti ikae kwa mhasibu kama akiba ya dharura. Paa, jenereta la pili na ulinzi viandikwe kuwa havikatwi na yeyote. Na sehemu ya malipo ya mtayarishaji itoke kwenye faida, aionje hasara naye.

Mwanzilishi anayeng'atuka asibaki nyuma ya pazia. Iger alipomwachia Chapek kiti Februari 2020, alibaki mwenyekiti mtendaji akisimamia upande wa ubunifu hadi mwisho wa 2021, na nyumba ikawa na wakubwa wawili. Kwetu hali hiyo huonekana msanii anapompigia mzee simu ili aongezewe advansi ambayo meneja mpya ameshaikataa. Saini ya benki, mikataba na namba za mameneja wa wasanii vikabidhiwe siku moja, kwa maandishi, na wasanii waambiwe siku hiyohiyo nani wa kumpigia.