Mwenyekiti, Mutura na Mbwa wa Syokimau

Mwenyekiti wetu ana makuu. Chama chetu cha wastaafu hapa Buruburu kilikuwa kimechanga pesa za kwenda kutembea Naivasha. Siku ya mkutano akasimama, akasema Naivasha ni ya watoto wa shule, sisi tutapanda meli. Si feri ya Likoni, akatuonya. Meli yenyewe, ya ghorofa, yenye bwawa la kuogelea na chakula kutwa kucha. Mimi ndiye katibu, nikaandika "meli" kwenye daftari.

Wakala wa safari tuliyeelekezwa kwake ana ofisi mjini, ghorofa ya tano, na lifti ya jengo lile imefungwa kwa mnyororo. Yaani watu wa magoti ya kupaka dawa wameenda kutafuta safari inayowafaa wazee, na kila ghorofa wanatua kuvuta pumzi. Tulipofika ya tatu Mwalimu aliketi kwenye ngazi, akatangaza kwamba atapigia kura hapo hapo.

Kijana wa ofisini akatutandazia vipeperushi: ukuta wa kukwea, bomba la kuteleza hadi majini, disko. "Guka, hii utaipenda," akamwambia Mwenyekiti, kidole kwenye bomba. Na kweli akaipenda. Mke wake, ambaye sote twamwita Nesi kwa sababu alikuwa nesi hadi kustaafu na bado hajaacha, akavaa miwani.

Bei hii ni ya mtu mmoja? Ni ya mmoja, Mama, lakini mkiwa wawili kwenye kabini. Wa peke yake hulipa karibu ya wawili. Wajane wetu wakatazamana. Hii kabini rahisi ina dirisha? Haina, iko katikati ya meli. Daktari je? Yupo, ila kumwona ni pesa, na bima ya safari ya mwenye miaka 70 si sawa na ya kijana. Bakshishi ya wahudumu nayo huhesabiwa kwa kila kichwa, kila siku. Kuna bandari ambazo meli kubwa haifiki gatini, abiria hushushwa kwa vimashua. "Tunaruka?" akauliza Nesi. "Mnashikwa mkono, Mama." Na meli yenyewe inaanzia Barcelona, kwa hiyo kuna tikiti ya ndege na viza ya Schengen. Mweka Hazina alikuwa akijumlisha kwenye simu. Akafika mahali akaizima, akairudisha mfukoni.

Sina neno baya kwa kijana yule. Alijibu kila alichoulizwa. Mwingine angetuuzia bomba.

Tukakata shauri: treni ya Madaraka hadi Mombasa, kisha jioni moja kwenye jahazi. Kwa mzee, treni ile ni dawa. Safari huchukua kama saa tano hivi, tikiti ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu 2024, na choo kiko humo humo ndani. Hakuna kumbembeleza dereva wa basi asimame Mtito Andei. Mwenyekiti alikubali shingo upande. Alikuwa pia ametuhubiria kwa muda jinsi alivyoacha nyama kwa ajili ya jongo, kidole gumba cha mguu kikapona, na kwamba tumwige. Chakula cha treni hatakigusa, alisema. Amebeba matunda yake.

Anayepanda treni Syokimau, kituo chake cha Nairobi, anajua utaratibu. Kabla ya kuingia, mabegi hupangwa chini mstari mmoja, wenyewe mnakaa kando, halafu askari anapita na mbwa wa kunusa. Mbwa akapita begi la Mwalimu, akapita langu, akafika la Mwenyekiti. Akasimama. Akasukumiza pua kwenye zipu. Askari akavuta kamba, mbwa akalala chini, miguu ya mbele imelikumbatia begi, mkia unafagia sakafu.

Watu wakaanza kurudi nyuma. Mama mmoja akambeba mtoto wake.

"Begi la nani hili?"

Mwenyekiti akatazama paa.

"La huyu," akasema Nesi.

Zipu ikafunguliwa. Juu palikuwa na ndizi. Chini ya ndizi, taulo. Ndani ya taulo, gazeti lililolowa mafuta, na ndani ya gazeti, mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, imejikunja kama chatu, ya kutosha harusi, na kachumbari yake pembeni kwenye karatasi.

"Mzee, hii ni nini?"

"Matunda," akasema Mwenyekiti.

Askari aliona haya, na si kwa niaba ya Mwenyekiti. "Huyu hakufundishwa nyama," akanung'unika. "Huyu ni wa baruti." Alilazimika kumkokota, na mabegi yaliyosalia mbwa aliyapita shingo imegeukia nyuma.

Nesi hakusema neno mpaka tulipokuwa tukipita Emali. Hapo akaishika mutura, akaimega kwa mkono, akagawia chama kizima akimruka mmoja. Ilikuwa na pilipili ya haki. Mwenyekiti alimenya ndizi, akatazama dirishani hadi Tsavo, kisha akanigeukia: niandike kwamba mwaka ujao ni meli tu, kule chakula hakikatiki na langoni hakuna mbwa.

"Andika, Katibu," akasema Nesi, akijilamba kidole. "Si bei ni ya wawili kabini moja? Niandike na mimi."