Istilahi za madini: tutohoe, tubuni au tuchote shimoni?

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilikatika karibu na Mai Mahiu, kusini mwa Kaunti ya Nakuru, ikaikata pia barabara ya kwenda Narok. Siku chache baadaye habari zilikuwa zimezagaa kwamba Afrika inagawanyika mapande mawili. Wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba lililoonekana lilitokana zaidi na maji ya mvua, ambayo yalifagia majivu ya volkeno yaliyokuwa yameujaza mpasuko wa kale na kuliacha pengo wazi. Maelezo hayo hayakufika mbali kama uvumi wenyewe, na nashuku kwamba kwa sisi tunaozungumza Kiswahili neno tulilotumia, ufa, lilichangia. Bonde ni la Ufa, ukuta wa nyumba una ufa, na mahali ambapo miamba imepishana kwa kusogea napo tunasema pana ufa. Aliyekuzwa kwa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hasubiri kuuliza ni ufa wa aina gani.

Hapo ndipo mjadala wa istilahi za madini na miamba unapoacha kuwa wa wanaisimu peke yao. Wapo wanaotaka maneno ya kitaalamu yatoholewe, yaani yachukuliwe kutoka lugha ya kigeni na kupewa matamshi ya Kiswahili, na wapo wanaotaka yabuniwe kutokana na mizizi ya Kiswahili.

Wanaotetea utohozi wana hoja nzito, hasa kuhusu majina ya mawe. Mwamba wa Homa Hills, ng'ambo ya ghuba ukitoka Kisumu, ni kabonatiti, na wataalamu wa nchi yoyote watautambua kwa jina hilo. Jiwe jeupe jepesi linalochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, ni diatomiti, yaani masalia ya magamba ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waliozama katika ziwa la kale. Tukijaribu kulibunia jina linaloyabeba hayo yote tutapata sentensi badala ya neno. Jina la jiwe ni kama jina la mtu: halidaiwi maana, linadaiwa kumtambulisha mwenyewe. Ndiyo maana jiwe la sabuni la Tabaka, kule Kisii, halijamsumbua mtu hata kidogo, ingawa halina sabuni ndani yake. Mchongaji analijua kwa ulaini wake chini ya kisu.

Hoja hiyo hupungua nguvu tunapotoka kwenye majina ya vitu na kuingia katika yale yanayotendeka. Mwaka 2017 Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa shehena za madini yasiyosafishwa, na makontena 277 yakazuiwa katika bandari ya Dar es Salaam, watu wengi walianza kwa kusema mchanga wa dhahabu. Haukuwa mchanga. Ulikuwa unga wa mawe yaliyosagwa na kuchujwa, wenye shaba, dhahabu na fedha. Lakini ukishaliita jambo mchanga, raia ataona udongo wa nchi yake ukizolewa kwa koleo na kupakiwa melini, na mabishano yote yatasimama juu ya picha hiyo. Kisha likaenea neno makinikia. Kwa anayekijua kitenzi kumakinika, yaani kutulia na kuzingatia, ni neno la ajabu kidogo, kwani linaelekea kufuata Kiingereza, ambacho hutumia neno moja, concentrate, kwa kuzingatia jambo na kwa kukoleza kitu. Hata hivyo lilishika, likasemwa sokoni na bungeni. Nadhani halikushika kwa uzuri wa muundo wake. Lilishika kwa sababu kila mtu alikuwa na haja nalo wiki ileile.

Kuna chemchemi ya tatu ambayo pande zote mbili huipuuza, nayo ni mashimo yenyewe. Rosterman, nje ya mji wa Kakamega, ulikuwa mgodi mkubwa wa enzi ya mbio za dhahabu za miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1952, na wachimbaji wadogo bado wanachimba katika eneo hilo. Macalder, kule Migori, nako wachimbaji wadogo bado wanachimba. Mpaka wa Tanzania hauko mbali na Migori, na upande wa pili wachimbaji wana msamiati wao uliokomaa: shimo la kushukia ni duara, hata likichimbwa la pembe nne, na magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke ni matimba. Mashine ya kusaga mawe ni karasha, pande zote. Katika timbo la mawe la Njoro, fundi hapimi kwa mita. Anakata mawe ya tisa kwa tisa au sita kwa tisa, kwa inchi, na yeyote anayejenga Nakuru anamwelewa. Anapiga tindo kwenye mstari, anatega sikio, anapiga tena, na mlio ukififia anajua jiwe lina ufa ndani kabla jicho halijauona.

Kasoro ya maneno ya shimoni ni kwamba hayakuzaliwa kwa ajili ya hatari zisizosikika. Zebaki ni neno zuri na la zamani, lakini onyo la kwamba usivute moshi wa zebaki humpotosha mchomaji wa dhahabu, anayeichoma zebaki ili ibaki dhahabu, kwa kuwa ataungoja moshi auone. Zebaki ikipashwa moto hutoa hewa isiyo rangi wala harufu. Neno mvuke ni sahihi kitaalamu, ila nalo linamkumbusha sufuria ya chai. Hapa ningesema hewa ya zebaki, na kumwachia mwanakemia usahihi wa istilahi.

Penye sheria na pesa, simwachii mtu yeyote. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Barazani neno mrabaha likifasiriwa kuwa faida, wanakijiji watakubali kungoja hadi kampuni itangaze faida, ilhali mrabaha hutozwa kwa thamani ya madini yanayouzwa, kampuni ipate faida au isipate. Heri hata royalti ya kutohoa, ambayo angalau itamfanya mzee aulize maana yake.

Neno linalonitia wasiwasi zaidi ni utafiti. Kampuni ikija kufanya utafiti wa madini, mwenye shamba anamfikiria mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye daftari, anamkaribisha, pengine anampa kiti. Kinachokuja ni mitambo ya kutoboa ardhi, na hatua ya kwanza ya safari inayoweza kuishia kwa mgodi katika shamba hilo. Utafutaji wa madini ni neno la kawaida, halihitaji kamati wala kamusi, na mwenye shamba akilisikia atauliza swali linalofuata: na mkiyapata?